Aliyeanza Kutia Ufunguo

Wenzake ofisini walimwita Bi Kadi, kwa kuwa hakupata kuonekana bila kadi tupu mkobani. Awe sokoni, awe kwenye foleni ya benki, awe hata kwenye kiti cha daktari wa meno, akisikia mtu katamka neno asilolijua alichomoa kadi na kuandika: neno lenyewe, sentensi kama ilivyosemwa, mahali, tarehe. Miaka kumi na tisa nyuma aliingia ofisi ya kamusi kama mpiga chapa. Sasa ndiye aliyekusanya maneno ya mitaani, na kabati lake la droo ndogondogo lilikuwa limejaa kiasi kwamba droo ya K aliifunga kwa goti.

Mhariri mkuu alikuwa mtu mwema mwenye shingo ngumu. Miwani aliivaa kwenye ncha ya pua, na kalamu nyekundu aliishika hata alipokuwa hana cha kuandika. Jumatatu moja asubuhi walikaa wawili mezani wakipitia herufi T kabla haijapelekwa kuchapwa. Walipofika kwenye kitenzi cha kutia, mambo yalikwenda vizuri: tia chumvi, tia moyo, tia nia, tia saini. Kisha mhariri akasimama kwenye kadi moja, akaisoma mara mbili.

"Tia ufunguo," alisema. "Kuzungusha ufunguo ili saa iende. Sawa. Halafu hapa chini umeandika: kunywa pombe kali."

"Kwa glasi ndogo," Bi Kadi alisema. "Kwa mkupuo. Bia haihusiki."

"Nani anasema hivi?"

"Mji mzima, mkubwa. Fundi bomba aliyekuja kwangu wiki iliyopita alisema jirani yake alitia ufunguo mpaka akapeana mkono na nguzo ya umeme."

Mhariri hakucheka, ila mdomo wake ulicheza kidogo. "Tumekubali kupiga maji. Tumekubali kuvaa miwani, ingawa mimi naivaa kutwa na sijalewa. Lakini hilo la ufunguo limetoka wapi? Saa na pombe vinakutana wapi?"

"Bado sijajua."

"Basi tunalitoa. Ijumaa ya wiki ijayo T inaondoka. Ukija na asili yenye ushahidi ulioandikwa, litaingia. Ukija mikono mitupu, usinililie."

Bi Kadi alirudi kwenye meza yake amenuna. Si kwamba alikuwa mnywaji. Kikali chake kilikuwa chai ya rangi isiyo na sukari. Lakini alilipenda lile neno. Alikuwa ameliandika kwenye kadi kumi na moja, na kila aliyelitamka alilitamka akitabasamu, kama mtu anayekumbuka kitu kizuri alichosahau ni kipi.

Mchana huohuo alikwenda kwenye baa iliyo karibu na stendi ya mabasi, yenye mwaka wa kufunguliwa kwake juu ya mlango. Muuza baa, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa akipanga chupa katika kabati la vioo lenye kufuli. Shingoni alivaa ufunguo kwenye uzi mweusi.

"Kutia ufunguo?" alisema. "Mbona liko wazi. Bia zinakaa kwenye jokofu, kila mtu anaziona. Vikali vinakaa humu, chini ya kufuli. Mteja akitaka kikali ananiambia, mama, hebu tia ufunguo. Neno limezaliwa humuhumu ndani, tangu enzi za mama yangu."

Dereva wa teksi aliyekuwa akila karanga kaunta alitikisa kichwa. "Sivyo, dada. Neno hilo ni la mlangoni. Mtu akishapata vikali, anasimama nje ya nyumba yake nusu saa nzima anatia ufunguo, hauingii. Mke yuko ndani anasikia kwaru, kwaru, kwaru. Asubuhi wanawake wanaulizana: wako naye jana alitia ufunguo?"

Mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa peke yake kwenye meza ya kona, aliinua kidole kama mwanafunzi. Yeye alieleza kwamba mtu ni kama saa, ikifika jioni kamani yake, ule utepe wa chuma wa ndani, imelegea, na glasi moja inaikaza tena.

Bi Kadi aliandika zote tatu kwa uaminifu. Kesho yake mhariri alizisoma akamrudishia. "Asili tatu," alisema, "maana yake hujapata hata moja."

Jumatano alipata wazo. Alichukua ramani ya mji, akaikunja mara nne, akaanza kutembea. Kila mtaa aliwauliza watu watano: muuza magazeti, kinyozi, fundi viatu, yeyote aliyekuwa na nafasi ya kujibu. Wakilijua neno wote watano, aliweka nukta tano kwenye ramani. Ng'ambo ya reli walilijua wawili. Kwenye hospitali kuu hakulijua mtu. Muuguzi mmoja alidhani amepoteza funguo zake, akapiga magoti kumsaidia kutafuta chini ya benchi. Lakini kadiri alivyosogea upande wa viwanda vya mbao, nukta ziliongezeka, na kwenye barabara ya karakana kongwe ya samani hata mtawa aliyekuwa akinunua nyanya alilijua, akageuka pembeni kuficha kicheko.

Jioni aliingia nyumbani miguu inawaka moto. Mumewe alikuwa dereva wa lori za masafa marefu na wakati huo alikuwa safarini, kwa hiyo nyumbani walibaki yeye na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayemngoja mshtakiwa.

"Mwanangu," alisema, "jirani alikuona juzi ukitoka baa. Saa nane mchana."

"Ni kazi, mama. Ya kamusi."

"Kamusi gani inaandikwa baa?"

Bi Kadi alimweleza yote, tangu kadi hadi nukta. Mama mkwe alisikiliza bila kupepesa macho. "Na kesho unakwenda wapi?"

"Karakana ya samani. Kuna vumbi tu huko."

"Ningependa kuliona hilo vumbi."

Basi Alhamisi walikwenda wawili. Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi, na misumeno ilikuwa inalia kiasi cha kufanya watu wazungumze kwa kusogeleana. Msimamizi aliwapeleka kwa fundi mkongwe kuliko wote, fundi wa msasa, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi na huenda kwa umri pia. Bi Kadi alipomtajia neno, mzee alizima mashine yake.

"Hilo ni la hapa," alisema. "Mwenyewe ni Randa."

"Randa ya kulainishia mbao?" mama mkwe aliuliza.

"Randa mtu. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyepiga randa kama yeye. Na hakuna aliyekunywa kama yeye. Mimi niliajiriwa yeye ameshaondoka, lakini habari zake nilizikuta moto." Alionyesha msumari mkubwa juu ya mlango. "Pale palikuwa na saa ya ukutani. Kila siku saa nne asubuhi Randa anaitungua, anaiweka kwapani, anaaga: jamani, naenda kutia ufunguo. Saa ilikuwa kisingizio, ili msimamizi asimshuku. Nusu saa baadaye anarudi macho yanang'aa, anacheka peke yake, anajikwaa kwenye mbao alizozipanga mwenyewe. Siku moja alifunga bawaba za kabati nje ndani. Siku nyingine alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa kama karatasi, na bado anaendelea. Miezi saba. Na hakunuka pombe hata siku moja. Yule alikuwa bingwa."

"Yuko hai?"

"Yupo. Nyuma ya uwanja wa mpira, nyumba yenye mlango wa bluu. Nasikia alipooa alitulia."

Mama mkwe alimtazama Bi Kadi kwa jicho la kusema: unaona unakonipeleka. Lakini kesho yake asubuhi ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.

Mlango wa bluu ulifunguliwa na mzee mwembamba, shati limechomekwa vizuri, mikono mikubwa ya kazi. Aliwakaribisha chumba cha mbele kwenye benchi pana la mbao lenye egemeo, lililong'aa kwa kukaliwa. Wakaamkiana, wakaulizana hali. Kutoka chumba cha ndani kulisikika sauti ndogondogo, nyingi, mfululizo, tone juu ya tone. Mama mkwe alimnong'oneza mkwewe sikioni: "Wanapika humo ndani."

Bi Kadi alitoa kadi yake. "Baba, samahani kwa kuja bila taarifa. Tumeambiwa karakana kwamba wewe ndiwe uliyeanza kutia ufunguo."

Uso wa mzee ulifunguka. "Kumbe bado wanakumbuka? Mimi ndiye. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu."

"Na uliacha lini?"

"Niache kwa nini? Leo nimetia kabla ya chai. Siku nikisahau, nyumba nzima inazubaa."

Mama mkwe alikohoa. "Kila siku, baba?"

"Ndogo kila siku. Zile kubwa mara moja kwa wiki, zinatosha."

"Na mkeo hasemi kitu?"

"Mke wangu?" Mzee alicheka. "Huyo ndiye aliyenifundisha. Mimi kwake ni mwanafunzi tu. Humo ndani anazo ishirini na sita, na kila moja anaijua kwa sauti yake."

"Kwa sauti yake," mama mkwe alirudia taratibu.

"Hata wajukuu wakija tunawaachia watie. Wanagombania."

Hapo mama mkwe aliinuka, mkoba kifuani. "Baba yangu, wajukuu?"

Kicheko kilitoka chumba cha ndani, kicheko cha mtu aliyejizuia kwa muda mrefu na sasa hawezi tena. Pazia likasogezwa. Akatoka bibi mfupi, mnene kiasi, lenzi ya fundi saa imefungwa kwenye paji la uso kama jicho la tatu. Alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa chenye mafuta.

"Waingize ndani waone," alimwambia mumewe, "kabla mgeni wetu hajazimia."

Waliingia. Kuta zote nne zilikuwa saa. Saa za ukutani zenye pendulamu, saa za mezani, saa za kengele zenye masikio mawili, na kwenye meza ya dirishani saa za mkono zilizofunguliwa matumbo, magurudumu yamepangwa kwenye visahani kama punje za mtama. Zote zilikuwa zinatembea, na ndiyo ile sauti ya matone. Mama mkwe alizungusha macho ukuta hadi ukuta, halafu akakaa polepole kwenye stuli.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nilikuwa nimeshakupangia hotuba."

"Hotuba ya nini?" mzee aliuliza. Alikuwa hajaelewa hata kidogo.

Bibi alivua lenzi. "Mume wangu, kaa."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza. Kuna jambo nimekuficha miaka arobaini na minne." Alimtazama Bi Kadi, kisha mumewe. "Watu wakisema kutia ufunguo hawasemi saa. Wanasema kunywa vikali. Nimelisikia kwa wateja wangu tangu zamani. Nilijua wewe hujagusa tone maishani mwako, nikaona nikikwambia utaona aibu kupita barabarani. Nikanyamaza."

 Pendulamu zilikwenda na kurudi. Bi Kadi, kadi mkononi, alianza kujuta. Alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na matope viatuni.

"Ngoja," mzee alisema hatimaye. "Wale vijana pale kwenye kona, wanaoambiana kila jioni twende tukatie ufunguo..."

"Ndiyo."

"Mimi huwa nawapongeza." Aliwageukia wageni. "Naapa, nikipita hapo huwa nawaambia, vizuri sana vijana, msiache. Nilikuwa nafurahi kwamba bado wako watu wenye saa za ukutani."

Bibi aliweka kichwa mezani katikati ya visahani vyake. Mzee naye alianza kwa mabega, kicheko kikapanda mpaka kikamtoa machozi, akashika ukuta, saa moja ikayumba. Mama mkwe alikuwa anacheka kwa sauti nyembamba ambayo Bi Kadi hakuwahi kuisikia kwa miaka yote waliyoishi pamoja. Ilichukua muda kabla mtu yeyote hajaweza kusema neno lililoeleweka.

Chai ililetwa, na bibi ndiye aliyesimulia. Baba yake alikuwa fundi saa, na duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na karakana. Vumbi la mbao liliingia katika saa ya karakana ikasimama, na msimamizi akamtuma fundi mmoja kijana aipeleke. Siku hiyo baba hakuwapo. Binti ndiye aliyeipokea.

"Niliisafisha siku moja tu," alisema. "Alipokuja kuichukua, sikutaka aondoke hivihivi. Nikamwambia ufunguo wake una meno mabovu, utaharibu mashine. Nikamwambia aniachie, nitatengeneza mwingine, na kwa sasa awe anaileta hapa niitie mwenyewe. Akaniuliza kila baada ya muda gani. Nikasema kila siku."

"Na ufunguo ulikuwa mzima?" Bi Kadi aliuliza.

"Mzima kabisa. Na saa ile ukiitia mara moja inakwenda siku nane." Bibi alijikunyata kwenye kiti chake kama msichana. "Huyu maskini akawa anavuka barabara na saa kwapani kila asubuhi. Mvua, jua. Miezi saba nimemdanganya, na mpaka leo sikupata ujasiri wa kumwambia."

Mzee alikuwa anakoroga chai yake. "Kwenye uso wa ile saa," alisema, "chini ya sita, palikuwa na maandishi madogo."

"Yalisemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Siku nane."

Bibi alimgeukia. "Ulikuwa umeyaona?"

"Mke wangu, niliitazama ile saa miezi saba. Na kusoma nilikuwa najua."

 Bibi akampiga mumewe begani kwa kile kitambaa cha mafuta, mara mbili, na mzee akaendelea kukoroga chai isiyohitaji kukorogwa, amejaa furaha usoni mpaka masikioni.

Siri ilitobolewa na saa yenyewe. Siku moja baba aliifungua akakuta kamani imechoka kupita umri wake. Alipopata habari kwamba inakazwa kila siku, alimwita kijana akamwambia aseme anachokitaka, aache kuisumbua mashine ya watu. Kijana akasema. Wakaoana kabla mwaka haujaisha, na Randa akaanzisha karakana yake mwenyewe upande huu wa mji.

"Na wenzako?" Bi Kadi aliuliza. "Walijua unakokwenda?"

"Wale wa wakati wangu walijua wote. Nilikuwa narudi nimepagawa, sikuona wala kusikia. Wakawa wananitania: Randa katia ufunguo, kalewa. Nilijua wanasema nimelewa mapenzi. Inaelekea waliokuja nyuma walishika kulewa, mapenzi wakayaacha."

Bi Kadi aliweka kikombe chini. Hadithi alikuwa nayo, tena tamu kuliko alivyotarajia, lakini alimkumbuka mhariri na kalamu yake. Aliuliza, bila matumaini makubwa, kama kuna chochote kilichoandikwa wakati ule. Barua, hata kipande cha karatasi.

Wenye nyumba walitazamana. "Karatasi hatuna," mzee alisema. "Ila mlikuwa mmeikalia zawadi yetu ya harusi."

Waliligeuza benchi la chumba cha mbele wote wanne. Nyuma ya egemeo, upande ulioegemea ukuta, palikuwa na maandishi yaliyochongwa kwa patasi, herufi nzito za mtu aliyeijua kazi yake: KWA RANDA, ALIYETIA UFUNGUO AKALEWA. KUTOKA KWA WENZAKE. Na mwaka. Bi Kadi alihesabu kwa vidole. Ilikuwa miaka kumi na miwili kabla baa ya stendi haijafunguliwa.

Jumatatu mhariri mkuu alisoma maelezo yote amesimama. Alipomaliza alisema, "Benchi si karatasi." Halafu akavaa koti lake. "Lakini nitakwenda kulitazama."

Alikwenda, akapiga magoti sakafuni na tochi ya simu, akasoma kila herufi, akapitisha kidole ndani ya mchongo kuona kama ni mpya au wa zamani. Alipiga picha tatu. Kisha bibi alimwuliza kama angependa kumtilia ufunguo saa moja ya mezani iliyokaribia kusimama, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimechoka siku hiyo. Mhariri aliizungusha kwa tahadhari ya mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike. Alikuja kwa dakika kumi. Aliondoka baada ya saa mbili, na ofisini hakueleza kilichomchelewesha. Neno lilipita.

Jambo ambalo Bi Kadi hakulitegemea lilikuwa ombi la mzee. Alitaka kuwaona. "Watu wanaoendeleza neno langu," alisema. "Nikawasalimie tu." Kwa hiyo Jumamosi mchana, yeye na mkewe, Bi Kadi na mama mkwe, waliingia kwenye baa ya stendi. Muuza baa alikuwa ameshapata habari za ujio wao. Fundi wa msasa alikuwapo, amenawa mpaka nyusi, na alikuja na karakana nzima. Mzee alipovuka kizingiti walisimama wote, na mwalimu wa hesabu akavua kofia.

"Bingwa amefika," dereva wa teksi alisema. "Mpeni anachotaka."

"Soda ya tangawizi," mzee alisema.

Muuza baa, mkono tayari kwenye kufuli, aligeuka. Ilibidi Bi Kadi asimame kati ya meza awaeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyobadilika. Alipofika kwenye siku nane, fundi wa msasa alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Miaka yote hii," alisema, "nimewafundisha vijana wangu kwamba wewe ulikunywa bila kunuka. Kuna mmoja alijaribu miaka mitatu kuiga."

Walicheka mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Muuza baa, ambaye asili yake ya kabati ndiyo kwanza ilikuwa imezikwa mbele ya macho yake, hakuonyesha kinyongo. Alifungua kufuli, akammiminia bibi kidogo sana kwenye glasi ndogo, akasema aliyemlewesha mwenzake miezi saba ana haki ya kuonja.

Bibi aliinusa. Akaweka ulimi. Akafikiri. "Hii naijua," alisema. "Naoshea magurudumu."

Mzee alizunguka meza kwa meza na soda yake mkononi, akimpa mkono kila mtu. Kwa vijana wa ile kona ya mtaani kwake alikaa muda mrefu zaidi. Aliwaambia pongezi zake za nyuma anaziondoa, ila salamu zitabaki palepale. Saa kumi na moja yeye na mkewe waliaga, wakaondoka kwa miguu, na Bi Kadi akiwa mlangoni aliwaona wakibishana hadi mwisho wa barabara, bibi akihesabu kitu kwa vidole, mzee akitikisa kichwa na kucheka.

Herufi T ilikuwa imeondoka Ijumaa, siku moja kabla. Jumapili jioni Bi Kadi alikuwa jikoni akikatakata vitunguu, na sebuleni mama mkwe alikuwa kwenye simu na mwanawe. Lori lilikuwa limefika mpakani, mzigo umeshushwa, safari ya kurudi ilikuwa ianze alfajiri.

"Mkeo hajambo," mama mkwe alikuwa anasema. "Amenenepa kidogo, amependeza. Usizunguke huko njiani. Njoo nyumbani utie ufunguo, baba, maana hapa naona saa imekaribia kusimama."

Kisu kilisimama katikati ya kitunguu. Bi Kadi alijifuta mikono, akachukua mkoba wake kwenye msumari, akatoa kadi. Aliandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, bila kubadili neno. Msemaji: mwanamke, mama mkwe. Mahali: sebuleni. Alipofika kwenye maana alisita kidogo, uso wake ukiwa wa moto kuliko jiko, kisha akaandika.

Jumatatu aliiweka kadi hiyo mezani kwa mhariri mkuu. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"T imeshakwenda kuchapwa," alisema.

"Najua, mkubwa. Ni kwa toleo lijalo."

"Shahidi mmoja hatoshi. Unajua kanuni: watatu, wasiojuana." Aliirudisha kadi upande wake wa meza. Kisha, akiwa ameshainamia karatasi nyingine, aliongeza kwamba jana yeye mwenyewe, bila kukusudia, alimwambia mkewe neno hilohilo wakiwa mezani, na kwamba mkewe hakuhitaji kuelezwa maana.

Bi Kadi alichukua kadi ya pili. "Ulisemaje hasa?" aliuliza, na kalamu yake ilikuwa tayari.